Ukikwama chuoni, ugonge mlango upi? Ulinganisho kwa aliye wa kwanza kwao kufika chuo kikuu

Siku jina langu lilipotoka kwenye orodha ya waliochaguliwa chuo kikuu, mama aliniuliza swali moja: "Sasa huko, ukipata shida, utamwona nani?" Tulikuwa Tandahimba, msimu wa korosho umeanza, naye yuko uani anaanika. Mama aliishia darasa la nne, baba la saba. Upande wa mama na upande wa baba hapakuwa na mjomba, shangazi wala binamu aliyewahi kuketi kwenye ukumbi wa mihadhara. Nikamjibu, "Walimu watakuwepo." Akaitikia, lakini niliona hajaridhika.

Mama aliuliza swali sahihi, na jibu lake lilinichukua miaka mitatu kulipata. Chuo kina milango mingi ya msaada kuliko mtoto wa kutoka kijijini anavyodhani. Tatizo letu sisi tusio na msomi nyumbani ni kwamba tunachagua mlango kwa kuangalia nani ametupokea vizuri. Kuna milango ya kukupa moyo, na kuna milango yenye kalamu, yaani ya mtu ambaye sahihi yake inabadilisha jambo lako. Yote unaihitaji. Ila siku hela haijaingia, au mtihani umekupita ukiwa kitandani, ukikaa sana kwenye mlango wa moyo, tarehe ya mlango wa kalamu inapita.

Nitaipanga miwili miwili, kwa sababu ndivyo inavyokuchanganya ukiwa mgeni. Nazungumzia Tanzania Bara, hasa vyuo vya serikali. Zanzibar ina bodi yake ya mikopo na taratibu zake.

Mkopo wa bodi au Samia Skolashipu?

Hili ni la kabla hujafunga begi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi 2005. Inatazama hali ya nyumbani: uyatima, ulemavu, umaskini, kaya zilizo kwenye mpango wa TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Samia Skolashipu ilianza mwaka wa masomo 2022/23, na inatazama matokeo: waliofanya vizuri zaidi kidato cha sita kwenye sayansi na wanaokwenda kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba. Mkopo unarudishwa, ufadhili haurudishwi.

Kama umo kwenye orodha ya ufadhili, omba na usisitesite, ila soma masharti yake ya ufaulu kabla ya kusaini. Kama ulisoma masomo ya sanaa, HKL au HGL, kama mimi, mlango ule si wako, usipoteze wiki kuusubiri. Wa kwako ni mkopo, na usiuogope kama wazee wetu wanavyouogopa. Baba alidhani deni la serikali lingechukua shamba la mikorosho. Haliko hivyo. Ukiajiriwa, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyofanya madeni ya kaka zetu yavimbe kila mwaka, iliondolewa kuanzia Julai 2021.

Kinachoangusha wengi ni karatasi, kuliko hata vigezo. Cheti cha kuzaliwa, na cha kifo kama umefiwa na mzazi, lazima vihakikiwe kwanza na RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo. Mimi cheti cha kuzaliwa kiliandikwa "Zuhura" na cha kidato cha nne "Zuhra". Herufi moja tu. Ilibidi baba anipeleke kwa wakili mjini kuapa kwamba Zuhura na Zuhra ni mtu mmoja, na ile safari ilikula fedha ya gunia zima. Kagua majina yako leo, cheti kimoja pembeni ya kingine, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Halafu ukikosa awamu ya kwanza usilie ukalala. Majina hutoka kwa awamu, na mwishoni hufunguliwa dirisha la rufaa kwa siku chache. Anayeingia mara kwa mara kwenye SIPA, yaani akaunti yake kwenye mfumo wa bodi, ndiye anayeliona.

Afisa mikopo au waziri wa mikopo?

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wakati wangu fedha ya chakula na malazi ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, ikilipwa kwa mkupuo wa siku 60, yaani 510,000. Tangu 2022/23 ni 10,000 kwa siku. Sote tunaiita bumu. Siku ya kusaini, orodha zilibandikwa ukutani nje ya ukumbi, majina madogo yamepangwa kwa herufi, na watu wakipitisha kidole juu hadi chini. Nilipitisha kidole kwenye Z mara tatu. Nikaenda kwenye A, huenda wameanza na jina la baba. Sikuwemo, na mkopo nilikuwa nimepangiwa, nimeuona kwa macho yangu.

Serikali ya wanafunzi, kwa vyuo vingi, ina waziri wa mikopo. Wa kwetu alikuwa kijana mkarimu wa mwaka wa tatu, anaongea kama watu wa kusini, na chumba chake kilikuwa karibu. Nikaenda kwake. Akaniandika kwenye daftari. Nilikuwa wa arobaini na kitu. Akaniambia, "Dada, tunalifuatilia." Nilirudi kila baada ya siku mbili kwa wiki tatu, na kila mara alinipokea vizuri, na kila mara nilitoka nimepata nafuu moyoni. Huku nyuma nilikuwa nakula wali maharage kwa mkopo. Mama ntilie aliandika deni langu kwa mkaa kwenye ubao wa jikoni kwake, mstari mmoja kwa sahani moja. Mistari ilipofika ishirini na sita nikaanza kupita njia ya nyuma ili asinione.

Aliyeniokoa ni dada mmoja wa chumba cha pili. Aliniuliza, "Umeshamwona afisa mikopo?" Sikujua kwamba chuo kina mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, mwenye ofisi, mwenye orodha kamili, anayewasiliana na bodi. Nilipanga foleni asubuhi moja. Mama yule wa ofisini alichukua cheti changu cha kidato cha nne, akaangalia namba ya mtihani, akaangalia kwenye kompyuta yake, akanigeuzia kioo. Namba yangu ilikuwa imeingizwa na tarakimu moja iliyokosewa wakati wa usajili. Bodi inakutambua kwa namba ile ya kidato cha nne. Kwa hiyo mtu mwenye jina langu alikuwa amepangiwa mkopo, na mtu mwenye namba ile ya makosa ndiye aliyesajiliwa chuoni, na mfumo haukuwa na njia ya kujua kwamba wote ni mimi. Akarekebisha, akanipa fomu ya kujaza, mazungumzo yetu hayakufika dakika kumi na tano. Fedha ilikuja na kundi lililofuata.

Basi mlinganisho wangu ni huu. Tatizo likiwa lako peke yako (jina, namba, akaunti ya benki, usajili), nenda kwa afisa mikopo siku hiyo hiyo, ukiwa na cheti cha kidato cha nne, kitambulisho cha chuo na namba ya akaunti. Tatizo likiwa la darasa zima, hapo serikali ya wanafunzi ndiyo yenye nguvu, kwa sababu afisa mikopo ni mwajiriwa na hawezi kupaza sauti kwa niaba yenu. Sauti hiyo ina gharama na wanaoilipa ni wao: Desemba 2019, viongozi wa DARUSO, serikali ya wanafunzi pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), walisimamishwa masomo baada ya kutoa saa 72 fedha za wenzao ziwe zimelipwa. Nawaheshimu sana. Lakini kiongozi wa wanafunzi hana uwezo wa kufungua mfumo na kusahihisha tarakimu.

Siku hizi kusaini kumehamia kwenye mifumo ya kidijitali, na foleni zimepungua. Makosa ya namba hayajaisha, yamehama tu kutoka kwenye karatasi.

Mshauri wa Wanafunzi au mkuu wa idara?

Nilidhani Mshauri wa Wanafunzi ni mtu wa nidhamu, unaitwa kwake ukiwa umefanya kosa. Wengi wa kutoka shule za kata tunafikiri hivyo kwa sababu tumezoea mwalimu wa zamu. Ofisi ile kazi yake hasa ni maisha yako nje ya darasa: malazi, ugonjwa, msiba, ushauri nasaha, kugombana na mwenzako chumbani, kukosa pa kulala. Ukiwa unabebwa, yaani unalala kitanda kimoja na mwenye chumba kwa sababu hukupata hosteli, watu hukuambia ujifiche. Mimi nakushauri uende ukaseme mapema kwamba huna malazi. Wanafunzi wengine huacha vyumba katikati ya muhula, na nafasi hupewa aliye kwenye orodha.

Mkuu wa idara anashika masomo: kozi, alama za kazi za darasani, mitihani. Mlango huu nao tunauogopa, kwa sababu tunaona Profesa kwenye kibao.

Tofauti yao inaonekana vizuri kwenye jambo moja linalotupoteza sana sisi tulio wa kwanza kwetu kufika chuo: kuahirisha masomo. Mwenzangu wa chumbani mwaka wa pili hakupata ada iliyobaki. Baba yake alikuwa amelazwa. Akafunga begi Ijumaa usiku akarudi kwao Kyela, akatuambia ataendelea mwakani Mungu akijaalia. Hakumwambia mtu yeyote mwenye kalamu. Mtihani wa mwisho wa muhula ulifanyika, jina lake likasomeka kwamba hakufanya, na mwakani aliporudi na ada mkononi alikuta amediskoo, yaani ameondolewa masomoni. Kwa chuo, mtu aliyeondoka kimya ni mtu aliyeacha. Angeandika barua moja ya kuahirisha, ikapita idarani na kwa Mshauri wa Wanafunzi, nafasi yake ingemsubiri. Alilia kwenye ngazi za jengo la utawala, nami nimesimama pembeni na begi lake, lile lile.

Sote wanne mle chumbani hatukuwa tunajua neno "kuahirisha" kwa maana hiyo. Mtoto wa mwalimu au wa daktari angepiga simu nyumbani na kuambiwa. Sisi tukipiga simu nyumbani tunaambiwa tuombe Mungu, na wazee wetu wanasema hivyo kwa upendo wote walio nao.

Kwa hiyo: likikupata la maisha, anza kwa Mshauri wa Wanafunzi, halafu peleka barua idarani. Likikupata la mtihani, anza idarani. Ukiugua siku ya mtihani, nenda zahanati ya chuo kwanza, maana karatasi ya daktari yenye tarehe ya siku ile ndiyo inayokupa mtihani maalumu badala ya sifuri. Ukiileta wiki moja baadaye, kila atakayeisoma atakuwa na shaka. Na ukiambiwa ulipie bima ya wanafunzi (kwa miaka mingi kadi ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ilikuwa 50,400 kwa mwaka), lipia kabla ya kununua simu. Mkopo nao usiusahau: ukiahirisha, mwambie afisa mikopo kwa maandishi, ili ukirudi jina lako lirudi nawe.

Jumuiya ya dini au umoja wa watu wa nyumbani?

Huu ni mlango wa moyo, na nauheshimu. Niliposhuka basi Mbagala Rangi Tatu na begi, ndoo na godoro lililokunjwa, kwenye simu nilikuwa na namba moja tu ya Dar es Salaam, ya dada wa jumuiya ya Kiislamu ya wanafunzi. Alikuja na mwenzake, wakanibebea godoro. TAMSYA kwa Waislamu, TMCS kwa Wakatoliki, USCF kwa Wakristo wa makanisa mengine: hawa ndio watakaokupokea, watakaokuonyesha madarasa, na ukiugua usiku ndio watakaokuletea uji. Umoja wa mkoa unasaidia zaidi kwenye msiba na nauli.

Ukinilazimisha kuchagua mmoja, nachagua jumuiya ya dini, kwa sababu inakutana kila wiki na mtu akikosekana anaulizwa. Umoja wetu wa mkoa tulikutana mara mbili kwa mwaka. Ila angalia muda wako. Nimeona watu wakikeri, yaani wakifeli na kulazimika kurudia, masomo matatu kwa sababu kila jioni kulikuwa na mkutano.

Dawati la jinsia au TAKUKURU?

Nasema hili wazi kwa wadogo zangu wa kike, na wa kiume pia. Mtu akitumia alama zako, chumba chako au sahihi yake kukutaka kimwili, hilo ni kosa la jinai. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inalitaja. Sisi tusio na mtu mkubwa nyuma yetu ndio tunaolengwa, kwa sababu anayetutaka anajua hatuna wa kumpigia simu.

Dawati la jinsia lipo ndani ya chuo. Unaweza kwenda hata kama huna uhakika ulichofanyiwa kinaitwaje, ukasikilizwa, ukapata ushauri nasaha, ukasaidiwa kubadilishiwa msimamizi wa utafiti au msahihishaji. Udhaifu wake ni kwamba wanaolisimamia ni wafanyakazi wenzake wa yule unayemlalamikia. TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa, wako nje ya chuo, simu yao ya bure ni 113, na wana mamlaka ya kuchunguza na kumkamata mtu. Udhaifu wao ni kwamba wanahitaji ushahidi, na shauri linaweza kuchukua muda mrefu kuliko muhula wako.

Kama ni maneno na vitisho ambavyo huna jinsi ya kuvithibitisha, anza na dawati, na uandike tarehe na maneno yenyewe kila yanapotokea. Kama una ujumbe kwenye simu na umewekewa siku na mahali, piga 113 kabla ya siku hiyo, maana mtego haupangwi baada ya tukio. Usifute ujumbe. Msichana mmoja wa darasa letu alifuta wote kwa aibu, akiogopa dada yake atauona, na baadaye hakuwa na kitu cha kuonyesha. Aibu ile haikuwa yake.

Kama una ulemavu

Hapa sina miwili ya kulinganisha. Vyuo vikubwa, UDSM kikiwemo, vina kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu: nukta nundu, wakalimani wa lugha ya alama, muda wa ziada kwenye mtihani. Jitambulishe wakati wa usajili, hata kama tatizo lako ni uoni hafifu ambao umezoea kuuficha kwa kukaa mbele. Ukisubiri wiki ya mitihani, hakuna atakayeweza kukuandalia karatasi ya maandishi makubwa kwa siku mbili.

Mhadhiri au madesa ya mwaka wa tatu?

Tumefundishwa kwa Kiswahili shule ya msingi, sekondari kwa Kiingereza cha kukariri, halafu unaingia ukumbini mhadhiri anaongea saa nzima bila kuandika ubaoni. Muhula wa kwanza nilitoka na maneno, sikutoka na maana. Kimbilio letu ni madesa: noti za waliotangulia, zinazouzwa kwenye vibanda vya fotokopi.

Madesa yana faida yake. Yanakuonyesha mtihani unaulizwaje, na bei yake hata mwenye njaa anaimudu. Lakini yanabeba makosa ya mtu usiyemjua. Desa nililosomea somo moja lilikuwa na tarehe iliyokosewa ya Azimio la Arusha, limeandikwa 1976, na karibu nusu ya semina yetu tukaandika 1976 badala ya 1967. Mhadhiri alizisoma karatasi zile akanyamaza kwa muda.

Mhadhiri anabandika mlangoni saa za kuonana na wanafunzi. Nilipita pale mwaka mzima nikiamini wanaoingia ni walioitwa. Mwaka wa pili niliingia, magoti yakitetemeka, na kazi yangu yenye alama 9 kati ya 20. Aliipitia na kalamu nyekundu, akanionyesha kwamba hoja ninayo ila naiweka mwishoni, baada ya kurasa mbili za utangulizi. "Ianze hii," akasema, akazungushia sentensi moja. Kazi iliyofuata nilipata 15. Kwa mtu mwenye wazazi wasomi, dakika zile kumi huzipata mezani nyumbani. Kwetu zipo pale mlangoni tu, bure, Jumanne na Alhamisi.

Chukua madesa kwa ajili ya kujua umbo la mtihani, na uende kwa mhadhiri na karatasi yako iliyosahihishwa, siyo na swali la "sijaelewa". Akiona ulichoandika ana pa kuanzia.

Ukiwa na siku moja tu ya kuzunguka wiki ya kwanza, asubuhi saa mbili kasorobo uwe kwa afisa mikopo na cheti chako, umwombe akusomee namba yako kama ilivyo kwenye mfumo, tarakimu moja moja, nawe unaifuata kwenye cheti kwa kidole. Ukitoka hapo pita kwa Mshauri wa Wanafunzi, umwachie jina, chumba na namba ya simu ya nyumbani. Kwenye mlango wa idara, soma tu saa zilizobandikwa. Jumuiya watakuja wenyewe jioni.